Mzima

Walinitoboa kidole mara tatu, kipimo kilekile,
na mara ya tatu muuguzi akashusha sauti:
"Huna, Mejumaa. Kwa kweli huna,"
kama anayeomba radhi.

Malaria, hakuna. Kidingapopo, hakuna.
Homa ya matumbo ilisingiziwa wiki nzima,
nikameza vidonge vyake vikubwa kama maharagwe,
na joto likazidi kuja saa kumi na moja jioni
kama mwalimu mkuu, bila kubisha.

Siku ya kumi na tisa macho yakawa rangi ya bizari.
Siku ya ishirini na tatu, ngazi zetu za Mikindani,
ngazi kumi na mbili nilizozipanda na ndoo mbili tangu usichana,
zikanikalisha kwenye ya nne.
Nipo pale naazima pumzi, jirani akapita:
"Mejumaa, mzima?"
"Mzima," nikamjibu.
Ndivyo tulivyofunzwa.

Wodini, shangazi Mwanasiti alileta kombe
ndani ya chupa ya chai, zafarani ikinukia marashi.
Nikalinywa, na dripu nayo ikidondoka;
sikutaka kuzigombanisha.
Wageni wa kitanda cha pili wakanong'ona:
"Kukonda huko si kwa wazima."
Mume wangu Mwinyi akasimama akavuta pazia,
akalivuta tena
ingawa lilikuwa limefika mwisho.

Kisha Dakta Shamsa, na karatasi.
"Saitomegalo," akasema,
jina refu kama treni ya mizigo ikitoka Miritini:
unasimama kuhesabu mabehewa
hata unasahau ulikokuwa ukienda.
"Kirusi cha kawaida. Karibu kila mtu humu anacho,
nami ninacho. Wengi hukipata kwa mate, wangali watambaa;
homa ya siku mbili, mama husema ni meno, basi.
Kikishaingia hakitoki. Hulala."
"Na mimi?"
"Wewe kimekuingia ukubwani. Ini, mapafu, kote.
Na kinga yako haina kasoro, tumeipima.
Huwa hivyo, mara chache. Hatujui kwa nini."

Hatujui.
Nililipenda neno lile. Lilikuwa la kwanza
katika wiki tano lisilonitafutia kosa.

Dawa ilikuwa chupa ishirini na nane,
mbili kwa siku. Mwinyi aliuza pikipiki,
hakuniambia; niliambiwa na vumbi la viatu vyake.

Usiku nikamfikiria marehemu mama.
Mimi, mwana wa pekee, soksi miguuni katika joto la Machi,
kikombe changu chenye ua la buluu
kisichoguswa na mdomo mwingine,
maji yaliyochemshwa yakachemshwa tena,
kitambaa chake kikinifuata kidevuni.
Alinikinga na kila kitu, mama.
Na hiki pia alinikinga nacho,
miaka thelathini na minne,
kikaenda kunisubiri chekechea,
kwenye shavu la mtoto nisiyemjua ni yupi
kati ya arubaini ninaowafuta kila asubuhi.
Simtafuti. Nikimpata nitamwambia nini?

Muhula wa pili nilirudi, nguo zikinipwaya.
Watoto hawakuuliza kama ni mzima.
Waliuliza nani alikuwa amekaa na chaki.

Wakati wa kucheza Kadzo, miaka minne,
akaja na shavu limetuna,
akatoa buyu kinywani, jekundu, linang'aa,
akaliweka katikati ya kiganja changu.
"Onja, Mwalimu. Bado lina sukari."

Lilikuwa na joto.
Nikafunga ngumi, nikacheka hadi nikakohoa.
Wekundu ule
ulikaa vidoleni siku mbili.